Mwili Uliokataa Samaki

Malori ya samaki kutoka Kalokol huingia Lodwar asubuhi, kabla jua halijawa kali, na harufu yake hutangulia. Hufika na upepo hata kabla hujasikia injini. Ni harufu ya chumvi na moshi, na ndani yake kuna kitu kingine kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado na jasho. Watu wengine wakiisikia hutabasamu na kuchukua mifuko yao. Mimi hufunika pua kwa mtandio na kuvuka barabara. Wauzaji wananijua. Mama mmoja kati yao huniambia karibu kila mara, "Msichana huyu anaringa kweli. Samaki alikukosea nini?" Mimi hucheka kidogo na kupita. Mimi si msemaji, na jibu lenyewe ni refu kuliko barabara ile. Lakini ninyi nitawaambia.

Nililelewa katika nyumba ya samaki. Mama yangu ni wa Kalokol, kwa watu wa ziwa. Baba yake alikuwa mvuvi, na kaka yake, mjomba Esekon, ni mvuvi mpaka leo. Baba ni wa upande wa Kakuma, kwa watu wa mbuzi na ngamia. Walikutana hapa Lodwar, katikati ya njia, wakapanga chumba kimoja cha mabati karibu na soko. Baba alikuwa askari wa kulinda ghala kule Kakuma, kwa hiyo alikuja nyumbani mara moja moja. Mama aliuza samaki mkavu. Mjomba alimletea kwa magunia, na magunia yalikaa ndani, kwa sababu nje kulikuwa na mbwa. Yalipangwa mpaka karibu na dari, na nilipolala niliyaegemea kama ukuta.

Sikumbuki wakati wowote wa miaka ile ambapo sikuwa nikijikuna. Nilijikuna shingoni, ndani ya viwiko, nyuma ya magoti. Macho yalitoa machozi bila mimi kulia. Majirani walikuja, wakanitazama, na kila mmoja aliondoka akiwa ameacha ugonjwa tofauti. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema ni minyoo. Wa tatu alisema ni jicho, kwamba kuna mtu alinitazama vibaya nikiwa nakula. Kila ugonjwa ulikuwa na dawa yake, na Mama alizifuata zote, kwa sababu hakujua amkatae jirani gani. Nilimeza dawa ya minyoo. Nilinyweshwa maji ya shubiri, na ulimi wangu ukakaa mchungu mpaka nikaonja uchungu hata kwenye sukari. Nilipelekwa kanisani nikapakwa mafuta ya maombi kwenye paji la uso, na mchungaji akaniuliza kama nasikia nafuu. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo.

Dawa niliyoiogopa zaidi ilikuwa mwarubaini. Mama alichemsha majani yake kwenye sufuria mpaka maji yakawa ya kijani kibichi, kisha akayamimina kwenye beseni la bluu na kuniweka ndani. Beseni lenyewe lilikuwa lile lile alilolibeba kichwani kwenda sokoni likiwa limejaa samaki. Alilisuuza kwanza, lakini maji tuliyachota mbali, kwa hiyo alilisuuza kwa maji ya kikombe tu. Nilitoka humo nikiwashwa kuliko nilivyoingia.

"Dawa inafanya kazi, Mama Akai," jirani yetu alisema akiwa amesimama mlangoni. "Ukiona mtoto anawashwa hivyo, ujue inapigana."

Nilikaa nikifikiria maneno yale. Kama kulikuwa na vita ndani yangu, mimi nilikuwa upande gani? Na nitajuaje kama tumeshinda?

Hakuna aliyemtaja samaki. Msishangae. Samaki ndiye aliyetulisha, ndiye aliyenunua sare yangu ya shule, ndiye aliyekuwa ukuta wangu wa kulalia. Kumshuku yeye kungekuwa kama kuyashuku maji. Mimi mwenyewe sikumpenda. Nilikula ugali na mchuzi kidogo, nyama yake nikaisogeza pembeni ya sahani, na Mama alidhani ninadeka.

Kisha ikafika siku mjomba Esekon alipokuja na ngege mbichi. Alikuwa amemfunga kwenye gunia lililoloweshwa maji njia nzima, na alimtoa kwa fahari kana kwamba anatoa mtoto mchanga. Mama alimkaanga. Mjomba akachagua sehemu iliyonona karibu na kichwa, ambayo kwao hupewa mtu anayependwa, akaiweka mkononi mwangu. "Kula, mpwa wangu. Wewe ni mtoto wa ziwa, ila umekondeana kama mtoto wa jangwa." Nilimpenda sana mjomba. Nikala yote ili afurahi.

Midomo yangu ikaanza kukua. Nilihisi kama si yangu, kama nimeazimwa midomo ya mtu mkubwa. Kisha koo likawa jembamba. Nilitapika mlangoni, na Mama akaninyanyua akiniita jina langu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake kabla.

Mjomba hakushtuka. Alitikisa kichwa kama fundi aliyeona kosa la fundi mwingine. "Dada, mtoto huyu hakupakwa," alisema. Nyumbani kwao, mtoto akianza kuota meno hupakwa mafuta ya samaki midomoni, ili mwili wake ulijue ziwa. Mimi nilizaliwa Lodwar, na hakuna aliyekumbuka kunipaka. Mjomba alikuwa na kichupa cha mafuta hayo kwenye mkoba wake. Alinishika kidevu na kunipaka midomo, mashavu, na chini ya pua.

Uso wote ukafura. Macho yakajifunga.

"Inatoka!" nilimsikia mjomba akipiga kelele ya furaha gizani. "Umeona? Shida inatoka!"

"Inatoka wapi, Esekon?" Mama alilia. "Mtoto haoni! Ondoa mkono wako!"

Sikufa, kama mnavyoona. Niliosha uso, nikatapika tena, nikalala kwenye mkeka nje ya nyumba, na polepole uvimbe ukashuka. Lakini Baba alipofika siku iliyofuata, jicho moja lilikuwa bado dogo kama mbegu. Baba ni mtu wa maneno machache kuliko hata mimi. Alinitazama, akayatazama magunia, akamtazama Mama.

"Nampeleka kwa mama yangu," alisema.

"Akafanywe nini?"

"Akatazamwe."

Hivyo ndivyo nilivyofika Kakuma kwa bibi yangu. Kwa Kiturkana bibi ni *ata*, na sisi sote tulimwita hivyo tu, Ata, hata Mama. Alikaa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya mto mkavu, na kutoka mlangoni kwake uliweza kuona mabati ya kambi ya wakimbizi yakimetameta. Shingo yake ilijaa shanga mpaka kidevuni. Alinuka tumbaku, na maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Alinishika kidevu kama mjomba alivyofanya, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Alikula nini?"

"Samaki," Baba alijibu.

Ata akacheka. Alicheka mpaka shanga zikagongana, kisha akasimama na kuwaita majirani. "Njooni muone! Mwili wa mtoto huyu umekataa samaki. Hakuna aliyemfundisha. Damu ya mwanangu imekataa yenyewe!"

Lazima niwaeleze kidogo. Wafugaji wa zamani, watu wa umri wa Ata, walimwona samaki kuwa chakula cha mtu ambaye mifugo yake imekufa. Kumla hakukuwa dhambi, ila ilikuwa aibu, kama kuvaa nguo ya kuokota. Ata hakufurahi hata kidogo Baba alipooa Kalokol. Sasa hapa alikuwa na mjukuu mwenye midomo kama ya ngamia, na kwake midomo ile ilikuwa ushahidi. Wanawake walipiga makofi. Mmoja alinitemea mate kidogo kifuani kunibariki. Kule Lodwar kila mtu alinihurumia kwa ugonjwa ule ule. Hapa nilisifiwa. Nilisimama katikati yao nikiwa sijui kama nifurahi.

Watoto wa pale hawakunisifu. "Akai wa midomo!" waliniita. "Ulimbusu samaki akakung'ata?" Mwingine akauliza, "Ni kweli huko kwenu mnakunywa chai na mkia wa samaki?" Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka walipochoka.

Hata hivyo Ata alisema hata ugonjwa uliomkataa samaki vizuri bado ni ugonjwa, na lazima uondolewe. Akaenda kumwita *emuron*, yule mwaguzi ambaye watu humwendea wakiumwa au mvua ikichelewa. Nilitarajia mtu wa kutisha. Akaja mzee mwembamba mwenye kofia ya mpira, aliyekuwa akipiga chafya. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavirusha juu, akavitazama vilivyoangukia, akavirusha tena. Kisha akasema achinjwe mbuzi wa kahawia mwenye sikio moja jeupe.

Kundi la Ata lilikuwa dogo, na mbuzi wa namna hiyo alikuwa mmoja, yule aliyempenda, aliyetoa maziwa mengi na aliyeingia nyumbani bila kuitwa. Alimtazama mzee kana kwamba anamwomba arushe viatu mara nyingine. Mzee alikuwa tayari anavivaa.

Mbuzi akachinjwa. Walitoa majani yaliyokuwa tumboni mwake, ya kijani na yenye joto bado, wakanipaka kifuani, tumboni na mgongoni. Paji la uso likapakwa udongo mweupe. Nikaambiwa nisioge mpaka vikauke na kudondoka vyenyewe. Siku zile nzi walinijua kwa jina.

Na nikapona. Niliamka asubuhi moja nikagundua kwamba nimelala bila kujikuna. Mikono yangu ilikwenda kwenye viwiko kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba iliyohamwa. Ngozi ilikuwa laini. Macho yalikuwa makavu. Nilikunywa maziwa, nikala mahindi na nyama kavu, na hakuna kilichonidhuru. Ata alinishika mkono akanizungusha kwa majirani. "Tazameni mbuzi wangu alivyofanya kazi."

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kwenye ngozi. Lakini jioni zilipofika nilimtaka Mama, nikajificha zizini pamoja na wanambuzi ili nilie. Nilijiuliza maswali ambayo sikuwa na mtu wa kumwuliza. Kama mwili wangu ni wa huku, mbona moyo wangu umebaki Lodwar? Na kama damu ya Baba ndiyo iliyokataa samaki, damu ya Mama ilikuwa wapi siku ile? Ilikaa tu ikitazama?

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mama akaja. Nilimwona akivuka mto mkavu akiwa na gunia kichwani, samaki wa kuuza kambini, na nikakimbia. Alinipokea kwa mkono mmoja. Alinipapasa shingo, akainua mikono yangu na kutazama ndani ya viwiko. Alipapasa mahali pale mara nyingi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha.

"Amepona," alisema.

"Amepona," Ata akajibu kutoka mlangoni. Walisalimiana, *ejok*, *ejok nooi*, na kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Baba alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake. Mama akanywa maziwa. Kisha akasema, "Basi nimpeleke nyumbani. Shule inafunguliwa."

"Nyumbani ni wapi?" Ata aliuliza. "Akae hapa. Shule hata Kakuma zipo. Ukimrudisha kwenye samaki wako ataugua tena."

"Si umesema mbuzi amemponya?"

"Amemponya."

"Kama amemponya, ataugua kwa nini?"

Ata alitafuta tumbaku yake kwenye nguo, akaikosa, ingawa alikuwa ameishika mkononi. Baba alikuwa akichora mchangani kwa kijiti.

"Mtoto amepona au hajapona, Ata?" Mama aliuliza tena, kwa sauti ya chini yenye heshima. "Uniambie tu. Kama hajapona, mwache akae. Mimi ni nani nibishane na ugonjwa? Lakini kama amepona, ni mwanangu, na mimi nauza samaki. Sina kazi nyingine."

Majirani walikuwa wamesogea, wale wale walioonyeshwa ngozi yangu. Ata aliwatazama.

"Amepona," alisema.

Mama akafungua gunia. Alitoa samaki mkavu, akavunja kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akaniwekea kiganjani.

"Kwa nini ale?" Ata akasema haraka. "Kuna nyama. Kuna maziwa. Mtoto ana njaa?"

Mama alichuchumaa mbele yangu. "Akai, unataka kwenda nyumbani?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Basi kula, mama. Usiogope. Dawa ya Ata ina nguvu."

Nataka mnielewe mahali nilipokuwa nimesimama. Nikila bila kuugua, nitaondoka na Mama. Nikiugua, nitabaki. Wote wawili walinitazama, na wote wawili walitaka niwe mzima, lakini niliona pia kwamba kila mmoja alikuwa na hofu, na hofu ya huyu haikufanana na ya yule. Sikujua namna ya kuuamuru mwili. Niliuomba tu. Niliuambia, tafadhali, leo tu, jifanye wa ziwa.

Nikala.

Mwasho ulianza kwenye ulimi mara moja. Nilikalia mikono yangu ili isikune. Niliuma midomo kwa ndani ili isikue. Mama aliuliza, "Unasikia nini?" Nikasema, "Sisikii kitu." Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonifanya niendelee. Aliuliza tena, nami nikataka kusema tena sisikii kitu, lakini sauti haikutoka. Ilitoka hewa nyembamba tu, kama filimbi iliyopasuka.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Ata alinipaka udongo shingoni kwa haraka, ukaingia hata masikioni. Mama alinimwagia maji. Walikuwa wakivutana juu yangu, mmoja akipaka na mwingine akiosha, na wote wakimwita Akuj, Mungu wetu. Baba ndiye aliyeniinua. Nilishangaa, maana sikujua anaweza kukimbia. Alikimbia nami mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda ya kijana Mkongomani wa kambini.

"Shika muzuri mutoto, Papa! Mushike muzuri sana!" kijana alipiga kelele, na tukaruka juu ya mawe ya mto mkavu.

Kwenye zahanati ya kambini nilichomwa sindano ya paja. Nilikuwa nimeogopa sindano maisha yangu yote, na ile sikuisikia. Baada ya muda koo likafunguka, kidogo, kisha zaidi, kama mtu anayesogeza mlango taratibu asiamshe waliolala. Mama na Ata walifika kwa miguu wakiwa na vumbi mpaka magotini. Walikuwa wameshikana mikono. Waliponiona ninapumua, wakaachana.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya uchovu. Alisema ni mzio. Kwamba mwili wangu unamwona samaki kama adui, si kwa sababu ya jicho wala joto. Nisile samaki tena. Nisile hata chakula kilichopikwa kwenye sufuria yake. Hata vumbi lake na harufu yake vikae mbali nami. Baba alimtafsiria Ata.

"Mwulize dawa ni nini," Ata alisema.

"Hakuna dawa ya kuuondoa," daktari alijibu. "Dawa ni kutomla."

Ata aligeuka akamtazama Baba kwa hasira, kana kwamba ametafsiri vibaya. "Kutokula ni dawa gani? Na hiyo sindano?"

"Sindano ni ya leo tu, shosho. Haizuii ya kesho."

Nilitazama nyuso zao. Mama na Ata walifanana kwa mara ya kwanza. Walikuwa kama watu waliotembea mbali kwenda kisimani, na mwenye kisima akawaambia wasiwe na kiu.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani kwa Ata, nilikuwa nimelala mlangoni nikiwa dhaifu. Nilimwona Mama akiburuta gunia lake la samaki mpaka mbali, kwenye njia ya kambi. Wanawake wawili wa Sudan Kusini walikuwa wakipita na kuni. Aliongea nao, akawaonyesha gunia, na wao wakamtazama kwa wasiwasi, kisha wakaligawana wakicheka. Hakuwauzia. Akainama akaiosha mikono yake kwa mchanga, akaisugua muda mrefu sana. Ata alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama pia. Akarudi ndani, akatoka na kibuyu changu cha maziwa, akakifunga kwa kamba ya kubebea.

Mama aliporudi, Ata alimpa kile kibuyu. "Mchukue," alisema. Akaingia ndani, na hakutoka kutuaga.

Mchukue! Neno lile nililibeba njia nzima ya kurudi Lodwar. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Nilikuwa nimeharibu. Mbuzi aliyependwa alikufa kwa ajili yangu, na mimi nikafura mbele ya majirani wote. Sasa Ata hakunitaka. Nilikuwa nimekataliwa na samaki, nikakataliwa na watu wa mbuzi.

Na Lodwar nako hakukuwa kule nilikokuacha. Mama alitoa magunia yote. Alichoma mkeka wangu. Alipiga deki ukuta na sakafu kwa maji ya moto na sabuni mpaka chumba kikanuka kama hospitali. Beseni la bluu aliligawa. Kisha akakaa nje na majani ya mkoma, akaanza kujifunza kusuka vikapu kwa jirani. Vikapu vyake vya kwanza vilipinda, vikakaa upande upande kama walevi, na wanawake wa soko walimcheka. "Mama Akai, hicho ni kikapu au kofia ya punda?" Naye alicheka nao. Alipokuwa peke yake hakucheka. Tulikula ugali na sukuma, jioni baada ya jioni.

Mjomba Esekon hakuingia tena ndani. Alisimama nje ya ua, mbali, akaita kwa sauti, "Akai! Mzima wewe?" Akaongea na Mama kutoka huko huko, akaenda zake. Nikahesabu na hilo kuwa kosa langu. Nilidhani nimemtenganisha Mama na kaka yake. Nilimwona Mama akimtazama akiondoka, na nikaingia ndani nisione uso wake.

Imenichukua miaka kuyapanga mambo haya, na hata sasa sina hakika kama nimeyapanga sawa. Nilidhani siku ile Ata ndiye aliyeiamini dawa na Mama ndiye aliyeibishia. Sasa naona ilikuwa kinyume. Ata ndiye aliyeuliza, "Kwa nini ale?" Ata alikuwa na shaka na mbuzi wake, ila alikuwa ameshasema mbele ya watu. Mama, binti wa wavuvi aliyekwenda kanisani kila Jumapili, ndiye aliyemwamini mbuzi yule kwa moyo wake wote. Alimwamini mpaka akanipa kipande kile kwa mkono wake mwenyewe. Sijawahi kumwambia kwamba najua hivyo. Naye hajawahi kula samaki tangu siku ile, hata akiwa mbali nami.

Lakini kuna jambo moja nililolielewa kwa kuchelewa zaidi. Mwaka mmoja hivi baada ya yale, Ata alikuja Lodwar kututembelea. Hakuwahi kuja kabla. Nilimwona akitokea upande wa soko, fimbo mkononi, shanga shingoni, akipita taratibu katikati ya wauza samaki. Sikukimbia kumlaki. Nilisimama mlangoni nikiwa nimebana mikono, nikisubiri nione kama atanisalimia.

Hakunisalimia. Alisimama nje ya ua, pale pale mjomba anaposimama. Nilipopiga hatua moja, aliinua fimbo kunizuia. "Kaa huko," alisema. Nilihisi uso wangu ukiwaka moto. Kwetu mtu hufika akatoa mkono kwanza, hata kwa adui, na bibi yangu mwenyewe alikuwa ameukataa wangu. Kisha akamwita Mama amletee maji na sabuni. Mama akaleta. Ata akainama akanawa mikono, akanawa mpaka viwikoni, akanawa uso, akasugua shanga zake mstari kwa mstari, akaosha hata mpini wa fimbo. Alinawa kwa hasira, nilidhani. Nilidhani anajisafisha kabla ya kuingia katika nyumba ya mwanamke wa samaki, asije akaguswa na uchafu wetu. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya Mama, ambaye alikuwa akimmiminia maji, na aliyeonekana, jambo ambalo sikulielewa kabisa, kama mtu anayekaribia kulia kwa furaha.

Alipomaliza aliinusa mikono yake, mmoja kisha mwingine. Ndipo akaja na kuninyooshea wa kulia, ukiwa bado unadondosha maji.

"Ejok, Akai?"

Nilimpa mkono wangu nikitazama chini, kwa kinyongo. Alinishika muda mrefu. Akanigeuza mkono, akatazama ndani ya kiwiko changu. "Nimepita katikati ya samaki," alisema, "sikutaka nikuletee mkononi."